Doa la Maji kwenye Vanishi: Mahali Lilipo Ndipo Penye Dawa

Doa la maji kwenye meza iliyopigwa vanishi si uchafu, na ndiyo maana haliondoki kwa kusuguliwa jinsi uchafu unavyosuguliwa. Gamba linalobaki chini ya mtungi wa maji ya kisima, duara jeupe linaloachwa na kikombe cha chai na baka jeusi linalojitokeza chini ya chungu cha maua ni mambo matatu yaliyobebeshwa jina moja, na kila moja lina makazi yake: gamba liko juu ya utando, duara liko ndani ya utando, na baka limekwisha kupenya hadi kwenye mbao. Mara nyingi fanicha inayofikishwa kwa fundi seremala ikiwa imeharibika uso haikuharibiwa na maji yaliyomwagika, bali na dawa iliyopakwa kwa pupa na mtu ambaye hakujiuliza kwanza maji hayo yameishia wapi.

Utando, kwa maana inayotumika hapa, ni tabaka jembamba na angavu ambalo fundi hulipaka kwa brashi au hulipuliza kwa kompresa juu ya mbao zilizokwisha kupigwa msasa, liwe ni la vanishi ya mafuta, laka, polishi ya spiriti au plastiki ya majimaji. Unene wake kwa kawaida hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao ndio unene wa karatasi moja ya kuandikia, na kazi yote ya kuondoa duara jeupe hufanyika ndani ya nafasi hiyo finyu. Msasa mkavu katika mkono wenye hasira huweza kuumaliza utando huo kwa mapito machache, na hapo mwenye meza anakuwa amebadilisha doa la kikombe kimoja kwa kovu lisilotibika ila kwa kupiga vanishi uso mzima upya.

Pwani ya Afrika Mashariki si mgeni katika habari za vanishi. Katika karne ya 19, sandarusi, yaani utomvu uliogandamana wa mti wa msandarusi, ilichimbwa ardhini katika nchi ya Mrima, mara nyingi mahali ambapo miti iliyoutoa ilikuwa imekwisha kutoweka zamani, ikavushwa hadi Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa kwenda India, Ulaya na Marekani. Baada ya Seyyid Said, mtawala wa Unguja, na Marekani kutiliana saini mkataba wa biashara mwaka 1833, wafanyabiashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts walikuwa wakileta nguo za merikani na kurudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Wanunuzi walitofautisha chakazi, ambayo ni sandarusi bichi, na ile iliyokomaa udongoni hata uso wake ukafanya vipele vidogovidogo, na hii ya pili ndiyo iliyopata bei, kwa kuwa ilipoyeyushwa kwa moto mkali na kuchanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini ilitoa vanishi ngumu iliyofaa kwa magari ya farasi na fanicha za matajiri. Ugumu huo haukuwa wa urembo tu, kwani kadiri utando unavyokuwa mgumu na kushikamana ndivyo maji yanavyochelewa kuupenya, na sandarusi ya Unguja ilihesabiwa kuwa miongoni mwa tomvu ngumu kupita zote.

Tando nyingine zilikuja kwa njia nyingine. Shelaki, ambayo ndiyo polishi ya spiriti, hutokana na gamba linalotolewa na mdudu mdogo aishiye kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Gamba hilo husafishwa, hufanywa vipande vyembamba, kisha huyeyushwa katika spiriti. Shelaki hiyohiyo ndiyo iliyoshikamanisha sahani za santuri kabla ya kuja kwa zile za plastiki, zikiwemo zile ambazo mwimbaji Siti binti Saad alianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928, na aliyewahi kuona sahani ya namna hiyo ikipinda kwa jua la dirishani hahitaji kuelezwa kinachoipata meza ya shelaki inapowekewa birika la moto. Laka, iliyoenea kuanzia miaka ya 1920, hutengenezwa kwa selulosi, yaani kijenzi kikuu cha pamba na mimea mingine, iliyofanyiwa kazi kwa asidi ya nitriki, na inapendwa katika karakana za fanicha, ziwe za Keko jijini Dar es Salaam au za kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, kwa sababu mkono wa kwanza hukauka kwa dakika chache na kuruhusu wa pili kupulizwa. Poliuretani, ambayo kemia yake iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, ni plastiki inayopatikana leo katika vanishi nyingi za makopo zinazosifiwa kuwa hazishindwi na maji.

Tofauti moja kati ya tando hizi inamhusu mwenye doa kuliko nyingine zote. Shelaki na laka hukauka kwa sababu kimiminika kilichoziyeyusha kimepaa hewani na kuziacha, bila zenyewe kubadilika kikemia, na kwa hiyo kimiminika hichohicho kikirudishwa huzilainisha tena hata kama zimepakwa miaka mingi iliyopita. Vanishi ya mafuta na poliuretani, kwa upande wao, hukauka kwa molekuli zao kufungamana moja na nyingine, na kufungamana huko hakufunguki kwa kumiminiwa spiriti. Matokeo yake ni kwamba jamii ya kwanza hupata doa jeupe kwa urahisi na hupona kwa urahisi, ilhali jamii ya pili haidhuriki upesi, lakini ikishadhurika huwa haina dawa nyepesi.

Jamii ya utando hutambuliwa kwa tone. Mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mguu wa meza au ukingo wa chini wa droo, hudondoshwa tone moja la spiriti, yaani ile spiriti ya rangi ya zambarau inayouzwa kwa ajili ya majiko, na baada ya nusu dakika hivi mahali hapo huguswa kwa kidole. Utando ukinata kabisa, ni shelaki. Usiponata, au ukilainika kidogo tu, tone la thina, yaani kimiminika cha kuzimulia laka, hudondoshwa mahali pengine palipo pakavu, na ukilainika kwa thina hiyo basi ni laka. Usipojali spiriti wala thina, au ukakunjamana badala ya kuyeyuka, ni vanishi ya mafuta au poliuretani. Jaribio hili huchukua dakika chache, na hakuna sababu nzuri ya kuliruka, kwani spiriti inayoponya doa kwenye laka ndiyo inayoweza kuuburuta utando wa shelaki ukafanya mawimbi.

Weupe wa doa hautokani na kitu cheupe kilichoingia. Utando mzima hupitisha mwanga moja kwa moja hadi kwenye mbao, na macho huona rangi ya mninga au mvule iliyo chini yake. Lakini mvuke wa maji unapojipenyeza ndani ya utando, hasa ukiwa umelainishwa na joto, huacha vitundu na matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na kila kimoja huutawanya mwanga badala ya kuupitisha. Povu la sabuni ni jeupe kwa sababu hiyohiyo, ingawa maji na sabuni vilivyolifanya havina weupe wowote. Wanafizikia hupima uwezo wa kitu kupinda mwanga kwa tarakimu: hewa ni 1.0, maji ni 1.33, na tando nyingi za fanicha hukaribia 1.5, na kadiri tofauti kati ya utando na kilichomo ndani ya vitundu vyake inavyokuwa kubwa, ndivyo weupe unavyozidi. Mafuta ya kula na mafuta ya mgando hukaribia 1.47, jambo linaloeleza dawa moja ya nyumbani itakayotajwa baadaye, ambayo watu wameitumia bila kujua kwa nini inafaa.

Joto la kikombe si lazima. Unyevuanga, yaani kiasi cha mvuke kilichomo hewani kikilinganishwa na kile ambacho hewa hiyo inaweza kubeba, huwa mkubwa katika miji ya pwani karibu mwaka mzima, na siku yenye nyuzi joto 30 za Selsiasi na unyevuanga wa asilimia 80, umande hutua juu ya kitu chochote kilicho na nyuzi 26 au pungufu. Chupa ya soda inayotoka kwenye friji iko chini sana ya kiwango hicho, na kwa hiyo hulowesha meza bila tone lolote kumwagika, na maji hayo hukaa chini ya kitako chake bila hewa kwa muda wote ambao mazungumzo yataendelea.

Mafundi wa kupuliza wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Laka inapopulizwa wakati wa masika, thina iliyomo hupaa kwa kasi na kuupoza uso wa mbao, kama mkono unavyopoa ukipakwa spiriti, mpaka uso huo ushuke chini ya kiwango cha umande. Maji hutua ndani ya utando ambao haujakauka, na meza nzima hufifia na kuwa na ukungu mweupe mbele ya macho ya fundi. Hilo nalo ni doa la maji, japo hakuna kikombe kilichowekwa, na tiba yake ni kupuliza mkono mwepesi wa thina inayopaa polepole, ili utando ulainike tena na kuutoa unyevu kwa utaratibu, au kuiahirisha kazi hadi hewa ikauke. Mteja anayemharakisha fundi katika mwezi wa Aprili ananunua ukungu huo kwa fedha zake mwenyewe.

Kabla ya kugusa dawa yoyote, uso wa meza husafishwa kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji yenye matone machache ya sabuni ya maji, kisha hukaushwa. Hatua hii hutenganisha doa halisi na gamba la juu. Maji ya visima vingi vya pwani, ambavyo huchimbwa katika mwamba wa matumbawe, ni maji magumu, yaani yana chokaa nyingi iliyoyeyuka, na yanapokauka juu ya vanishi huacha gamba jeupe ambalo ukucha hulihisi. Gamba hilo halina uhusiano wowote na utando: siki iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji, ikapakwa kwa kitambaa, ikaachwa kwa muda mfupi na kufutwa kwa maji safi, hulimaliza. Ukucha ukipita bila kukwama, doa liko ndani, na siki haitafanya kitu.

Kwa doa la ndani ambalo bado ni bichi, dawa ya kwanza ni kutofanya lolote. Unyevu ulioingia unaweza kutoka kwa njia uliyoingilia, na madoa mengi ya saa chache hupungua au kutoweka yenyewe katika siku moja au mbili ikiwa meza itaachwa wazi kivulini penye upepo au mbele ya feni. Jua kali halifai, kwa kuwa huukausha upande mmoja wa ubao na kuupinda, na huchujua rangi ya mbao kuzunguka doa hilo. Uvumilivu huu hauwapendezi wengi, na bila shaka ndio uliozipa sifa dawa nyingi za mtaani ambazo kwa kweli zilipakwa siku ambayo doa lilikuwa linajiondokea.

Doa lisipoondoka, hufuata mafuta. Mafuta ya mgando, au mayonezi kwa wanaopenda kuitumia, hupakwa juu ya duara na kuachwa usiku kucha, kisha hufutwa kwa kitambaa laini. Mafuta hayo hujaza vitundu vilivyokuwa na hewa, na kwa kuwa yanapinda mwanga karibu sawa na utando wenyewe, weupe hufifia. Kwa maana kali, doa limefichwa wala halijatolewa, na linaweza kurudi mafuta yakikauka. Lakini meza ambayo doa lake halionekani imetosheleza haja ya mwenyewe, na njia hii ina fadhila ya kutoharibu kitu. Mayonezi haina siri yoyote zaidi ya mafuta yaliyomo, na harufu yake kwenye meza ya sebuleni ni hoja ya kutosha ya kuchagua mafuta ya mgando.

Joto jepesi ni hatua inayofuata, nayo inatibu kweli, kwa sababu huulainisha utando kidogo na kuupa unyevu nafasi ya kutoka. Mashine ya kukaushia nywele, ikiwekwa kwenye joto la chini na kushikwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, huzungushwa juu ya doa bila kusimama mahali pamoja, na kila baada ya muda mfupi uso huguswa kwa kiganja. Ukiwa wa moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii, kazi husimamishwa mpaka upoe. Wengi hutumia pasi juu ya kitambaa. Inawezekana, kwa pasi isiyo na mvuke, iliyopozwa hadi kiwango cha chini kabisa, juu ya kitambaa kinene cha pamba kikavu, kwa sekunde chache kwa wakati mmoja. Lakini pasi ina uzito, na utando uliolainika chini ya uzito hupokea chapa ya nyuzi za kitambaa kilichoulalia. Palipo na mashine ya nywele, pasi haina sababu ya kutolewa kabatini.

Dawa yenye nguvu zaidi kwa utando wa laka ni spiriti, na ndiyo inayodai mkono mtulivu kuliko zote. Kipande cha fulana kuukuu isiyochuja rangi hukunjwa mara kadhaa mpaka kiwe kifundo laini kisicho na mikunjo upande wa chini. Matone machache ya spiriti hudondoshwa juu yake, na kifundo hukandamizwa kiganjani hadi kihisike cha baridi lakini kisiache majimaji. Hapo hupitishwa juu ya doa kwa mpito mmoja mwepesi unaoanza hewani, unaogusa uso na kuondoka bila kusita, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, na kuacha nyuma yake mng'ao wa unyevu unaotoweka karibu papo hapo. Mng'ao ukidumu, spiriti ni nyingi. Baada ya mpito mmoja au miwili husubiriwa dakika kadhaa, na meza hutazamwa kutoka ubavuni, macho yakiwa karibu usawa na uso wake na dirisha likiwa upande wa pili, kwa sababu mwanga wa kutoka juu huficha kasoro ambazo mwanga wa ubavuni hauzifichi. Kuacha kifundo kikae juu ya doa hata kwa kufumba na kufumbua ni kukigandisha, na utando hung'oka kukifuata. Kwenye shelaki hatari hiyo ni kubwa zaidi, na asiyewahi kupiga polishi ya spiriti afadhali aishie kwenye mafuta na joto. Kwenye poliuretani spiriti haina kazi.

Iwapo doa limebaki, huwa linakaa karibu na uso wa utando, na linaweza kuondolewa kwa kuchonga sehemu ndogo sana ya juu. Hapa ndipo inapoingia dawa ya meno, ambayo sifa zake zimevuka mipaka ya ukweli. Inafanya kazi, kwa kuwa imo unga laini wa chokaa au silika uliokusudiwa kung'arisha meno. Ni msasa, lakini msasa ambao namba yake haijulikani kwa anayeutumia, na hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine. Kwenye mbao zenye vinyweleo vilivyo wazi, kama mninga, unga wake huingia vinyweleoni na kukauka ukiwa na vidoa vyeupe ambavyo humfanya mwenye meza aanze kutibu maradhi mapya. Majivu ya sigara yaliyochanganywa na mafuta ni laini zaidi, ila majivu yana magadi ndani yake na shelaki haipatani na magadi. Kinachofaa kuliko vyote hivyo ni unga wa pumisi, yaani jiwe jepesi la volkano lililosagwa, uliolainishwa kwa mafuta mepesi, au pamba ya chuma, ambayo ni nyuzi nyembamba sana za chuma zilizofungwa kama pamba, ya namba 0000 na si nyingine, ikipakwa nta na kupitishwa kwa shinikizo la vidole viwili kufuata nyuzi za mbao. Waya wa kusugulia sufuria si pamba ya chuma ya namba hiyo, hata kama muuzaji ataapa. Kwa vyovyote vile, mahali palipochongwa patapoteza mng'ao au patazidi mng'ao wa jirani zake, na dawa ni kuusugua uso mzima wa meza kwa kiasi hichohicho na kuupaka nta, ili mng'ao uwe mmoja.

Doa jeusi ni habari nyingine kabisa, na yote yaliyoelezwa hadi hapa hayalihusu. Rangi hiyo huonyesha kwamba maji yamepita kwenye ufa au mahali utando ulipochakaa, yakafika kwenye mbao, na humo yakakutanisha vitu viwili: tanini, ambayo ni kemikali kali iliyomo katika mbao nyingi, katika majani ya chai na katika magome ya mikoko yanayotumika kusindika ngozi, na chuma, ambacho hutoka kwenye msumari, kopo la bati lililowekwa chini ya chungu, au maji yenyewe. Tanini na chuma vikikutana hufanya rangi nyeusi isiyofutika kwa sabuni, na wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa makusudi kwa kuviunganisha vitu hivyohivyo. Meza yenye baka jeusi, kwa hiyo, imeandikwa wino, na mwandishi wake mara nyingi ni kitako cha chungu cha maua.

Wino huo huondolewa kwa asidi oksaliki, inayouzwa ikiwa chembe nyeupe katika maduka ya kemikali, wala hauondolewi kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo, ambayo huchujua rangi nyingine za mbao na kuliacha baka lenyewe likionekana zaidi. Kwanza utando wote wa uso huo huvuliwa, kwa kuwa asidi haiwezi kufika mbao zikiwa zimefunikwa. Chembe huyeyushwa katika maji ya uvuguvugu ndani ya chombo cha plastiki au kioo, kamwe si cha chuma, na mchanganyiko hupakwa kwa brashi uso mzima, si juu ya baka peke yake, vinginevyo baka jeusi hugeuka kuwa baka jeupe. Ukishakauka huoshwa kwa maji mengi mara kadhaa, kisha kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi iliyobaki ipoozwe, na hatimaye huachwa ukauke kabisa kabla ya vanishi mpya. Asidi hii imo kwa kiasi kidogo hata katika mchicha, lakini ikiwa chembe ni sumu inayodhuru figo, na vumbi lake huchoma pua na koo. Glavu, miwani na barakoa ni vya lazima, na kupiga msasa uso ambao haujaoshwa vizuri ni kulirusha vumbi hilo hewani. Kazi hii inafaa kuachiwa fundi, isipokuwa kwa mtu mwenye uwanja, subira na nyumba isiyo na watoto wadogo.

Fanicha iliyotengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa na kufunikwa karatasi ya plastiki haimo katika hesabu hii. Maji yakiingia kwenye ukingo wake huuvimbisha ubao, na uvimbe huo haurudi. Vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri lililogundishwa juu ya mbao za kawaida, ina tumaini kidogo, kwa kuwa penye kufutuka panaweza kupatiwa gundi na kukandamizwa.

Kinga ina mitego yake. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono, ambacho katika nyumba nyingi hutandikwa chini ya chombo cha maua, hunyonya maji yanayotiririka na kuyashikilia juu ya vanishi kwa siku nyingi, na kikiinuliwa hukutwa ufumaji wake wote umechapwa mezani kwa rangi nyeupe, ua kwa ua na tundu kwa tundu. Mpira wa meza, unaotandikwa kwa nia njema ya kuzuia maji, huwa na kemikali za kuulainisha ambazo kwa muda huhamia kwenye laka na kuifanya inate, hasa mpira huo ukikaa bila kuinuliwa. Kibao cha mbao au cha koki chini ya kila kikombe, kitako kikavu, kinatosha. Polishi za kupuliza zenye silikoni huupa uso mng'ao wa siku mbili, lakini silikoni hujificha katika nyufa, na siku ambayo meza itapelekwa kupulizwa upya laka itakataa kushika na kufanya vishimo vya mviringo, jambo ambalo fundi atalaumiwa kwalo bila kosa.

Limebaki suala la moto, ambalo kwa kawaida husahauliwa na anayeshughulikia kidoa kidogo. Spiriti na thina hushika moto kwa mvuke wake, si kwa kimiminika pekee, na jiko la mkaa lililo chumba cha pili linatosha. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, au vanishi na polishi zilizotengenezwa nayo, ni hatari kwa namna isiyotarajiwa: mafuta hayo hukauka kwa kufungamana na oksijeni, kitendo hicho hutoa joto, na vitambaa vikirundikwa pamoja joto hukosa pa kutokea mpaka rundo lishike moto lenyewe bila kiberiti. Moto ulioteketeza jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 mjini Philadelphia, Marekani, tarehe 23 Februari 1991, ambamo wazimamoto watatu walifariki, ulianzia kwenye vitambaa vya aina hiyo vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakitengeneza mbao za kuta. Vitambaa hivyo hutandazwa nje kimoja kimoja, mbali na ukuta, hadi vikauke na kuwa vikavu kama gome, au huzamishwa katika ndoo ya maji yenye mfuniko kabla ya kutupwa.